Nilimpeleka Kilwa Kumuuliza Swali Moja

Leo naomba unisamehe. Barua zenu kuhusu mawifi na wachumba wasioeleweka nimezisoma zote, nitazijibu toleo lijalo. Mwezi huu yamenikuta mwenyewe, na mtu anayewaambia wenzake kila siku "msilale na jambo moyoni" hana haki ya kuyafungia ya kwake kabatini.

Yalianza hivi. Dada mmoja wa hapa ofisini alikwenda fungate Meksiko. Aliporudi akatumwagia picha mezani: magofu ya Wamaya pale Tulum, kuta za mawe zimesimama juu ya mwamba, chini yake bahari ya samawati, mchanga mweupe pee, na yeye na mumewe wamevaa miwani ya jua wanacheka kama watu wasiodaiwa na mtu. Ofisi nzima ikawa "jamaniii!" Nikarudi nyumbani kwetu Kimara Temboni, nikamwambia mume wangu kwa sauti ya kudeka: "Baba Watoto, na sisi lini?"

"Meksiko?" akauliza. "Kwa IST hii?"

"Basi Kilwa. Magofu yapo, mwamba upo, bahari ipo. Na IST inafika."

Akakubali palepale. Alidhani ni mahaba. Ukweli ni kwamba ulikuwa mtego.

Ngoja nikueleze. Tuna kiwanja Kibamba, ndani kidogo kutoka barabara kubwa. Msingi tulimwaga mwaka 2021, kwa mkopo wangu na wake. Boma likapanda mpaka usawa wa linta mwaka 2023, halafu kimya. Nikiuliza, fundi ana msiba. Nikiuliza tena, mabati yamepanda bei. Nikiuliza mara ya tatu, ugomvi. Majani yakaota mpaka madirishani, na mbuzi wa jirani wakahamia kwenye chumba ambacho kingekuwa chetu cha kulala.

Sasa mwezi Julai simu yake ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia kutoka SACCOS ya kazini kwake. Sikupekua, naapa. Macho yalipita tu. Salio: Sh 6,800,000. Hela ya kuanzia kupaua ipo! Tena hapo ndipo nikaanza kukumbuka na mambo mengine. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huondoka saa nne, hurudi saa nane, na ukimuuliza alikuwa wapi, "kwa washkaji". Mwanaume ana hela, hajengi, hasemi, na Jumamosi haonekani. Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria hilo hilo unalofikiria wewe. Nyumba ndogo.

Sikumuuliza. Namjua: nikimuuliza sebuleni atachukua ufunguo wa gari, aseme anakwenda kuangalia mpira. Lakini mtu aliyeko Kilwa, tena kisiwani, atakwenda wapi?

Redio pale Stop Over

Nane Nane iliangukia Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu. Watoto tuliwapeleka kwa mama mkwe, Mbezi, jioni ya Alhamisi. Saa 11 alfajiri tukawa barabarani.

Ukitoka Temboni kuelekea mjini unapita Suka, kisha Stop Over. Pale mume wangu ana tabia moja ambayo nimeizoea mpaka nimeacha kuiona: huongeza sauti ya redio. Iwe taarifa ya habari, iwe tangazo la sabuni, anaongeza. Tukishapita, anapunguza.

Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya baba yake. Mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipotayarishwa kupanuliwa, nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka katikati, zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa, kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Zilikwenda nyumba zaidi ya 1,000. Leo kuna barabara ya njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na sisi wenyewe tunaifaidi kila asubuhi, tusiwe wanafiki. Lakini sebule niliyotambulishwa kwa wakwe zangu, nikamwaga chai kwenye kitambaa cha meza kwa woga, ilikuwa hapo.

Wakati ule nilikuwa mchumba. Nilimpa pole yake, akasema asante, tukaoana mwaka 2018, na kuanzia hapo sikumsikia akiitaja nyumba ile hata siku moja. Nikasema mwanaume amepoa. Ndivyo tunavyojidanganya wanawake, eti mtu akinyamaza amepoa.

Tulikata Ubungo, tukashika barabara ya Mandela, Buguruni, TAZARA, tukatokea barabara ya Kilwa. Mbagala Rangi Tatu hata saa 12 asubuhi imeshaamka kuliko watu wengine saa sita mchana: maandazi, daladala, makondakta wanagombea abiria kama wanagombea urithi. Ukivuka Kongowe na Vikindu ndipo unaanza kuvuta pumzi. Mkuranga, mikorosho huku na huku. Kimanzichana, Bungu, Kibiti. Pembeni akina mama na vijana wanauza korosho na nanasi. Kila kijiji kina matuta yake na trafiki wake mwenye tochi, kwa hiyo ukiona kibao cha 50, mwenzangu, iwe 50 kweli.

Baada ya Ikwiriri unafika mto Rufiji na Daraja la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu wa kusini walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na wakati wa masika mtu aliweza kulala ng'ambo siku kadhaa akisubiri maji yapungue. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ndicho kilichochelewa sana kupata lami. Na hata sasa mto na mvua hawajasalimu amri: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hii sehemu kadhaa za Kilwa, magari yakakwama. Ndiyo maana nakushauri uende kati ya Juni na Oktoba.

Ukikaribia Muhoro, punguza mwendo na uheshimu kidogo. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale, Agosti 1905, Vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza imeanza katika vilima vya Umatumbi. Nilimweleza mume wangu hayo, nikijifanya mwalimu. Akaitikia "mm". Safari nzima ilikuwa "mm". Pale Somanga tulishuka tukala samaki wa kukaanga na pweza, wa motomoto, na ndimu. Nikamlisha kipande mdomoni, akala, akatabasamu. Moyoni nikasema: kula tu baba, leo au kesho utanieleza.

Mlango wa Kivinje

Ukifika Nangurukuru unakata kushoto. Kabla ya Kilwa Masoko kuna njia ya kuingia Kilwa Kivinje, nasi tukaingia. Karne ya 19 Kivinje ulikuwa mji mkubwa. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapo, kisha mali na watu wakapakiwa majahazi. Wajerumani nao wakaja kuweka boma lao ufukweni. Leo ni mji wa taratibu. Baiskeli, mikoko, wazee barazani wanacheza bao, na nyumba za zamani zinazodondoka kidogo kidogo, chokaa leo, boriti kesho.

Kwenye uchochoro mmoja kulikuwa na nyumba imeanguka nusu nzima, lakini mlango wa mbao umesimama katika fremu yake. Nilipitiliza kupiga picha za bahari. Nilipogeuka nikamwona mume wangu amesimama mbele ya ule mlango, anaupima kwa shubiri. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenda juu, kisha upana.

"Unapima nini?"

"Hamna."

"Unataka kuununua?"

"Hamna, mke wangu. Twende."

Usiku, gesti ya Kilwa Masoko, tulikula wali wa nazi na changu wa mchuzi, upepo wa bahari unaingia dirishani, mbalamwezi ipo. Kila kitu kilikuwa tayari kwa swali langu. Nilifungua mdomo mara mbili, nikaishia kusema, "Hivi tumebeba dawa ya mbu?" Msomaji, kuandika ushauri ni rahisi!

Husuni Kubwa, Husuni Ndogo

Jumamosi asubuhi tulipita ofisini Masoko kuchukua kibali na kijana wa kutuongoza, maana kisiwani hauendi kiholela. Tukapanda mashua. Mkondo wenyewe ni kama kilomita 2 tu, na tanga likishika upepo unafika kabla hujamaliza kuogopa.

Kijana wetu alikuwa na maneno, mashallah. Alianza na hadithi ambayo imo hata katika masimulizi ya kale ya Kilwa yaliyoandikwa na Wareno karne ya 16. Mgeni wa Kishirazi, Ali bin al-Hasan, alipofika alimkuta mwenyeji mwenye kisiwa. Akataka kukinunua. Mwenyeji akamwambia: lete vitambaa vya rangi vya kutosha kuzungusha kisiwa chote. Akaleta, wakavitandaza, biashara ikaisha. Baadaye mwenyeji akajuta, akapanga kurudi na watu wake maji yakipwa ili akinyang'anye. Alipofika ufukweni akakuta bahari haipwi tena. Mgeni alikuwa ameshauchimba mkondo ukawa na kina.

"Kwa hiyo aliuziwa kihalali na bado hakulala usingizi," mume wangu akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Kimara.

Akatuonyesha Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 walipouvamia mji, na Waomani wakaijenga upya zaidi ya karne mbili baadaye. Akatuingiza Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo, ya kunong'ona. Sehemu ya kusini ni ya karne ya 14, nguzo kwa nguzo, kuba kwa kuba, mawe ya matumbawe na chokaa. Jua linaingia kwenye matao linakata sakafu vipande vipande. Nilivua viatu bila kuambiwa.

Enzi hizo Kilwa ilishika njia ya dhahabu kutoka Sofala, huko Msumbiji ya leo. Ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano kati ya hizo, hivi unaweza kuamini, visiwani kaskazini mwa Australia. Msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri zaidi. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Nikamtupia jicho mume wangu. Hakuelewa.

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu mpaka jumba la huyo huyo Sultani, juu ya mwamba. Jamani! Tulum na ikae kando. Bahari iko chini ya miguu yako, ngalawa zinapita ndogo kama maganda ya korosho, na katikati ya jumba kuna bwawa la kuogea la pembe nane, kazi ya mtu aliyekuwa na hela na nafasi ya kufikiri. Vyumba zaidi ya 100.

"Hii ndiyo Husuni Kubwa," kijana akasema. "Na pale jirani iko Husuni Ndogo."

Yakanitoka kabla sijayazuia: "Kumbe hata Sultani alikuwa na ndogo!" Kijana akacheka. Mume wangu akaniangalia, mara hii aliniangalia hasa.

Kijana akaendelea kwamba jumba hili kubwa lilikaliwa muda mfupi tu, kisha likaachwa, na inaonekana halikumalizika kujengwa.

"Halikumalizika?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo, kaka. Waliacha."

"Kwa hiyo hili ni pagale."

"Ni pagale la Sultani," kijana akasema, na sisi wote watatu tukacheka, lakini mume wangu akaacha kucheka ghafla, akaenda kukaa kwenye ukingo wa bwawa. Kijana ana akili zake. Akasema anakwenda kutazama maji kama yameanza kupwa.

Nikakaa karibu yake. Swali langu likiwa mdomoni, yeye akaanza.

"Umeiona hela ya SACCOS?"

"Nimeiona."

"Nilijua. Ulianza kunipikia vizuri."

Sikucheka.

"Siku ile ya kubomoa," akasema, "mimi ndiye niliyepanda juu kutoa mabati. Ulikuwa kazini, hukuona. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, amevaa koti, kama mtu anayesubiri basi. Nimetoa mabati, nimetoa madirisha. Nikaja kung'oa mlango wa mbele. Akasema, huo usiuze. Siku nzima hakusema neno lingine."

"Uliniambia uliuza vyote kwa pamoja."

"Niliongopa."

Ule mlango naukumbuka. Mninga, mzito, una alama ya msumari ambapo walikuwa wanatundika kalenda. Baba mkwe aliununua kwa mshahara wake wa ualimu, akasema nyumba bila mlango wa maana ni banda. Alifariki mwaka 2020, kwenye nyumba ya kupanga.

"Uko wapi?"

"Stoo kwa rafiki yangu, Mbezi. Nimeufunga kwenye turubai. Kila mwisho wa mwezi nakwenda kuufungua, naangalia mchwa, naupaka mafuta."

Jumamosi za "washkaji", msomaji wangu. Mume wangu alikuwa anakwenda kupaka mlango mafuta.

"Kule Kibamba," akaendelea, "nafasi ya mlango wa mbele nilimwambia fundi aiache kwa kipimo cha mlango ule. Siku waliyomaliza linta nikasimama pale. Nikaona X ukutani. Haipo, najua haipo. Lakini mimi naiona. Nikasema nikipaua, nikaweka mlango wa baba, watoto wakachora kuta, halafu aje mtu na kopo la rangi nyekundu? Fundi alinipigia simu miezi mitatu. Hana msiba wowote. Mimi ndiye nilimsimamisha."

Sasa mngetegemea nimkumbatie, eti? Nilikasirika. Nilimwambia miaka yote hii tunalipa mkopo, tunalipa na kodi ya nyumba, mimi naonekana mke mwenye gubu kwa fundi na kwa mama yako, na wewe unakaa na siri ya mlango? Kwani mimi ni mpangaji wako? Halafu kwa kuwa ulimi ukishateleza hausimami, nikamwambia na langu: kwamba wiki tatu nzima nilikuwa na uhakika ana mwanamke mwingine, na safari yote hii nilikuwa namlia timing.

Akacheka, akacheka mpaka machozi. Kisha machozi yakabaki, kicheko kikaondoka. "Kwa hiyo ulinilisha samaki pale Somanga huku unaniona hivyo?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi kwenye mashua kila mtu na upande wake. Kijana wa watu akaona hali, akasimulia ya bahari tu: kwamba mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwaka 2004 vikawekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini kwa kuwa kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ukingo, na baada ya ukarabati vikatolewa kwenye hatari hiyo mwaka 2014. "Waliziba nyufa taratibu," akasema, "kwa chokaa na mawe yale yale." Mume wangu akamuuliza chokaa hiyo inachomwaje, na kijana akaeleza namna matumbawe yanavyopangwa juu ya magogo na kuchomwa. Nikawasikiliza nimeweka mkono majini. Baada ya muda akaninyooshea chupa ya maji bila kuniangalia. Nikanywa. Kwetu sisi hiyo ndiyo pole ya kwanza. Ya pili ilikuja usiku, nayo haikuhusu gazeti.

Turubai likafunguliwa

Jumapili tulirudi. Tulizungumza kutoka Nangurukuru mpaka Mbagala, na mengi hayakuwa matamu. Tulipofika Stop Over, jua limeshazama, mkono wake ukaenda kwenye redio. Ukasita. Akasema, "Pale. Kwenye ile taa ya tatu. Pale ndipo ulipomwaga chai." Tukapita.

Wiki iliyofuata tulikwenda ofisi ya ardhi, tukaangalia ramani ya mipango miji, tukamlipa mpima akaja kuonyesha bikoni zetu moja moja. Nyumba iko salama. Ila uzio wa nyuma ulikuwa umeingia kwenye njia ya mtaa kwa hatua moja na nusu. Hakuna aliyetuandikia X. Mume wangu alichukua nyundo akauvunja mwenyewe Jumamosi, saa nne mpaka saa nane, mimi nikimletea maji.

Mlango tuliuhamishia kwa mama mkwe kwanza. Alipofunuliwa turubai, akaingiza kidole kwenye tundu la msumari wa kalenda, akakaa kimya, kisha akamgeukia mwanawe: "Na mimi ulinidanganya umeuza?" Kumbe hata mama yake. Tulimwacha amwadhibu.

Sitakudanganya kwamba tumehamia. Mabati ya nusu ya paa yapo, nusu bado. Fundi amerudi, mbuzi wamehama kwa shingo upande. Kuna siku mume wangu huamka usiku akaniuliza kama nimeiweka vizuri ile karatasi ya mpima. Nampa, anaisoma kwa tochi ya simu, analala. Zamani ningesema anazeeka. Sasa namsogelea tu.

Ninachokuomba, hasa ninyi vijana mnaoanza kujenga, ni mambo mawili. La kwanza, kabla ya kumwaga msingi, nenda ukaulize hifadhi ya barabara ni mita ngapi na bikoni zako ziko wapi, usiamini neno la dalali wala la jirani anayesema "hapa hawajengi barabara hata siku moja". La pili, muulize mwenzako nyumba aliyotoka ilikwishaje. Nyumba ya utotoni, nyumba ya ndoa ya kwanza, nyumba ya mjomba alikofukuzwa. Mimi nilikuwa nahesabu matofali na mtu ambaye bado alikuwa juu ya paa la 2017 anang'oa mabati, na sikujua kwa sababu sikuuliza mara ya pili.

Na ukienda Kilwa: ondoka alfajiri, usiendeshe usiku, kagua matairi na tairi la akiba kabla ya Mbagala. Beba maji, kofia, na viatu vya kutembelea mawe. Mwanadada, weka kanga kwenye mkoba. Kisiwani watu wanaishi, si makumbusho, na msikitini ni msikitini. Chukua kibali na kiongozi Masoko, na uulize saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kupanda mashua. Lala usiku mbili, mmoja hautoshi. Na ukiwa na swali la kumuuliza mwenzako, uliza mapema. Mimi karibu nirudi nalo.

Mwezi ujao, nawaahidi, mawifi. Mbaki salama.